Nyuzi za Fedha Chini ya Masizi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Baba alipanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akaingiza mkono darini juu ya mafiga ya jikoni, akashusha furushi la ngozi ya mbuzi. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeshikishwa saa yake ya mkononi. Aliivua isije ikaingia masizi, akaniambia nisiiangushe, nami sikuiondolea macho mpaka aliposhuka. Pamoja na furushi ilishuka harufu ambayo hadi leo nikikutana nayo, hata kwa mbali, mwili wangu hukosa utulivu: mafuta ya kondoo yaliyochacha, moshi wa matawi ya mibuni, na vumbi la mahindi ya mbegu yaliyokuwa yakining'inia pale pale. Baba alifungua kamba ya mgomba, akafunua ngozi tabaka kwa tabaka, na ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kilichopinda, kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilidhani ni ndizi iliyoungua. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi za supu ya mtori, hakuinuka. Alisema tu, "Sasa hilo umelishusha, utalirudisha lini?" Baba alikishika kile kitu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga kutoka kwa mkunga, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa bastola ya gumegume, ya zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe. Ndiyo iliyotakiwa kuokoa kaburi la babu yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Babu alikuwa na kihamba Mwika, shamba la ukoo lenye migomba juu na mibuni chini yake, na alikuwa na wana wawili. Kwa desturi yetu mwana wa mwisho hubaki na nyumba ya baba yake, na Baba ndiye aliyekuwa wa mwisho, kwa hiyo sisi tulibaki. Kaka yake, ambaye kwangu ni Baba Mkubwa, alipewa kipande cha chini kinachopakana na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Baadaye alihamia Masama, upande wa pili wa mlima, akapata shamba kubwa zaidi, lakini kile kipande kikabaki chake. Bibi alikuwa amezikwa humo, karibu na maji, na Babu alipokuwa mgonjwa aliomba alazwe pembeni yake. Hakuna aliyeona ubaya wakati ule. Ndugu ni ndugu. Miaka ikapita, nyumba ya Baba Mkubwa kule Masama ikakwama kwenye linta, bila paa, kwa miaka minne, na jirani yetu wa upande wa chini akajitokeza na shilingi elfu themanini taslimu akitaka kipande chote, na maji yake, na makaburi yaliyomo. Alimpa Baba Mkubwa muda hadi Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi. Baba hakuwa na elfu themanini. Alikuwa na bastola moja, na Baba Mkubwa alikuwa na ya pili, kwa sababu Babu alikuwa na mbili zilizofanana akawagawia kila mmoja yake.

Zilifikaje mlimani, sijui. Ukoo wetu una hadithi tatu: moja inasema zililetwa na msafara wa pembe za ndovu, nyingine kwamba Mzungu mgonjwa alimpa baba wa Babu kama shukrani, na ya tatu sitaiandika kwa sababu inamtaja mtu aliyeiba. Hakuna ushahidi wa hata moja. Ninachojua kwa hakika ni jinsi zilivyotunzwa. Babu aliagiza zipakwe mafuta ya kondoo kila mwaka na zikae palipo na moshi, kama tunavyotunza mbegu zisiliwe na wadudu. Baba alilifuata agizo hilo bila kulielewa, akiipaka usiku mimi nikiwa nimelala. Alichoogopa yeye ni polisi. Siku hizo mtu kukutwa na silaha isiyo na kibali halikuwa jambo la mzaha, na kwa siku tatu baada ya kuishusha hakulala vizuri. Alikuwa akitoka nje mara kwa mara kutazama njia, na mbwa akibweka anasimama. Mama alimwambia, "Naftali, hiyo haijaua hata panya tangu niolewe. Ukiendelea hivyo ndipo watu watakapojua."

Siku ya nne tulishuka Moshi. Bastola ilikaa chini ya kapu, juu yake chane mbili za ndizi za mshale na majani ya mgomba, na mimi nilichukuliwa kwa sababu mtu mwenye mtoto na kapu la ndizi hatiliwi shaka. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Jivan, fundi saa aliyekuwa na duka jembamba katika mtaa wa nyuma ya soko. Baba alimfahamu kwa ile saa ya mkononi. Mzee Jivan alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, shati jeupe limefungwa hadi kishikizo cha juu, na duka lake lilijaa milio ya saa ambazo hazikukubaliana hata kidogo. Kila moja ilikimbia kivyake. Nilikaa kwenye kibao nikashindwa kutulia, miguu yangu ikijaribu kuzifuata zote kwa pamoja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti. Baba yako leo ameleta ndizi?"

Baba alifunga mlango wa duka mwenyewe, jambo ambalo nadhani lilimtisha mzee, kisha akatoa furushi. Mzee Jivan aliitazama ile bastola nyeusi kwa muda bila kuigusa. Kisha akafanya kitu ambacho nimekirudia mara nyingi kichwani. Alichukua pamba kidogo, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akachagua sehemu moja tu kwenye kitako, isiyozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akaanza kuifuta kwa mizunguko midogo. Alibadilisha pamba mara sita. Alipomaliza aliweka kioo cha fundi cha kukuzia jichoni, akatazama, akakitoa na kunipa mimi. "Tazama. Macho yako ni mazuri kuliko ya baba yako."

Niliona msitu. Ndani ya mbao ya rangi ya chai nzito kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, mwembamba kuliko uzi wa cherehani, ukipinda, ukijigawa, ukitoa majani, ukijikunja tena kama kikonyo cha mboga ya maboga. Mwishoni mwa mkunjo mmoja palikuwa na ua, na katikati ya ua kulikuwa na vitone vitano. Nilivihesabu. Nilipoondoa kioo jichoni pale palikuwa na doa tu, na nilipokirudisha msitu ukarudi. Sijawahi kupata mshangao wa aina ile tena, na nimeutafuta.

Leo naweza kueleza nilichokiona, kwa sababu nimetumia miaka mingi kukisoma peke yangu, kwa kamusi ya Kifaransa niliyoinunua ikiwa haina jalada. Bastola kama ile ilitoka katika karakana za Paris zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na haikutengenezwa na mtu mmoja. Mmoja alitengeneza mtutu tu, pembe nane kwenye shina kisha mviringo kuelekea mdomoni. Mwingine alipiga tupa mtambo wa kufyatulia, mwingine akachonga kitako kutoka mti wa jozi, akifuata mkondo wa nyuzi za mbao pale mkono unapopinda. Aliyekuja baada yao alikata mifereji katika mbao kwa tindo ndogo, akaingiza waya wa madini ya fedha uliofanywa bapa, ukisimama kwa ukingo wake, akaugonga taratibu, kisha akailowesha mbao ivimbe na kuubana. Hakuna gundi. Mtutu ulipashwa moto wa makaa mpaka ukageuka samawati kama mbingu ya jioni, na hapo juu yake yakapakwa mapambo ya dhahabu, yaliyochanganywa na zebaki na kuunguzwa ili dhahabu ishike. Mchoraji wa chuma alikuwa na karatasi za mifano alizozinakili: makombe ya baharini, mbwa wa kuwinda, majani yenye meno. Lakini mkono wake ulionekana hata alipokuwa akinakili, kwa sababu kila mtu hukandamiza tindo kwa uzito wake. Yetu ilikuwa na uso wa mtu kwenye kifuniko cha kitako, midomo imebetuka kama anayetaka kupuliza kitu cha moto, na kwenye mtutu, chini ya masizi, tarakimu moja ya dhahabu: 1.

"Yako ni ya kwanza," Mzee Jivan alimwambia Baba, akiwa amerudisha kioo jichoni na kukiinamisha juu ya mtutu, mahali dhahabu ilipochungulia kwenye masizi. "Ya pili ipo?"

"Ipo kwa kaka yangu, Masama."

"Hali yake?"

"Kama hii. Nyeusi."

Mzee Jivan alisugua paji la uso. Alisema kuwa zikiwa mbili, katika hali ile ile, atatoa elfu tisini, na mambo ya kuziandikisha serikalini kama vitu vya kale atayashughulikia yeye. Baba aliomba arudie, naye akarudia. Kisha mzee akaweka masharti, akiyahesabu kwa vidole. Isiguswe. Isifutwe. Isipakwe kitu. Aje nayo kaka mwenyewe, kama ilivyo. "Naftali, umenisikia? Kama ilivyo. Hata buibui akiwa ndani, mlete na buibui."

Tulirudi nyumbani Baba akitembea haraka hadi nikawa nakimbia nyuma yake. Mpango ulikuwa rahisi: elfu tisini zote angechukua Baba Mkubwa, elfu kumi zaidi ya zile za jirani, na kile kipande chenye makaburi kingekuwa chetu. Baba mwenyewe hakuweza kwenda Masama kwa sababu kahawa ya mwisho ilikuwa kwenye vichanja na mvua ilikuwa ikichungulia kila alasiri. Mimi nilikuwa nimefunga shule. Nikatumwa. Mama alinifungashia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye jani, Baba akanifanya nirudie ujumbe mara tatu, na kesho yake nikafika Masama nikiwa nao kichwani neno kwa neno.

Baba Mkubwa alikuwa mkulima bora kuliko Baba. Nasema hivyo kwa haki. Kahawa yake iliponunuliwa haikuwahi kushushwa daraja, kwa sababu aliimenya siku ile ile ilipochumwa, akaivundika kwa saa alizozihesabu, akaiosha kwa maji matatu, akaichambua punje kwa punje. Nilimkuta kwenye kichanja, nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za Mwika, na mimi nikatoa ujumbe wote. Nilisema elfu tisini. Nilisema kama ilivyo. Nilisema hata habari ya buibui, akacheka. Hapo ningenyamaza ujumbe ungekuwa umefika salama. Lakini nilikuwa nimebeba kitu kingine ambacho sikutumwa, na kilinisumbua kifuani njia nzima. Nikamwambia kuwa chini ya masizi kuna nyuzi za fedha, fedha yenyewe, zimejaa kitako kizima, na kwamba mimi nimeziona kwa kioo na Baba hajaziona vizuri.

Baba Mkubwa aliacha kuchambua. "Fedha? Wewe umeiona?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Na dhahabu kwenye mtutu."

"Na huyo Mhindi anasema tusifute."

"Ndiyo."

Aliwatazama wanawe wawili wakubwa waliokuwa wakigeuza kahawa upande wa pili. "Mmesikia hayo? Fedha imo ndani, lakini tusiifute, tuipeleke na uchafu wake." Wakacheka. "Anande, mwanangu, wewe umeshaona mtu anapokea kahawa yenye matope? Mnunuzi akikuambia usioshe, ujue anataka kulipa bei ya matope." Nilisema kwamba Babu Jivan si mtu wa kahawa. Mwanawe mmoja akaniambia, "Haya, msomi wa bastola, kaa ule ndizi." Kwa siku zote nilizokaa kule hilo ndilo likawa jina langu.

Siku mbili baadaye tulikwenda kwa fundi Samueli, mhunzi aliyekuwa na kibanda chake chini ya barabara, karibu na mto. Watu walimletea mapanga, majembe, mashine za kumenyea kahawa, hata kengele ya kanisa iliyopasuka. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye nyusi zilizoungua, na sijui mtu aliyewahi kurudi kwake akilalamika. Kwake kazi nzuri ilikuwa kukirudisha chombo kama siku kilipotengenezwa. Baba Mkubwa alimwekea bastola ya pili mbele yake, nyeusi kama dada yake, akamwambia, "Fundi, itie uzima."

Alifanya kazi kutwa, na mimi nilikaa juu ya ndoo nikiangalia. Kwanza aliichambua yote, akavipanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio. Masizi kwenye kitako aliyaparura kwa kipande cha chupa, mkono mwepesi, na mbao ikaanza kutoka. Ndipo nyuzi zikaonekana. Hazikuhitaji kioo sasa. Ziling'aa zote kwa pamoja katika jua, msitu mzima, na ninakiri kwamba wakati ule nilifurahi. Fundi Samueli alizitazama kwa kichwa kilichoinama. "Nani alitia waya hizi? Mti haujapasuka popote."

"Labda waliogopa utapasuka," Baba Mkubwa alisema.

"Basi walizitia vibaya. Ona, zingine zimeinuka, zitachoma mkono." Akachukua koleo ndogo.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema: "Baba Mkubwa, Babu Jivan alisema isiguswe." Baba Mkubwa hakugeuka. Fundi alinitazama, akamtazama yeye, akasubiri. Kulikuwa na kitambo hapo, nadhani sekunde tatu au nne, ambacho kingetosha kwa mtu mwingine kusimama na kulia, au kukimbia na kile kitako. Mimi nilinyamaza. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba mtoto wa kwetu haingilii neno la mkubwa mara mbili, na ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kuona. Nilitaka kuujua urefu wa ule uzi. Fundi alivuta wa kwanza, ukatoka wote bila kukatika, umejikunja kama unywele, na mimi nikaweka mkono wangu chini yake ili usianguke vumbini.

Alitoa nyuzi zote. Mifereji iliyobaki aliiziba kwa nta na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi ya meza. Bamba la mtambo lilikuwa na mashimo madogo ya kutu kati ya majani yaliyochorwa, kwa hiyo alilipiga tupa likawa laini kama sarafu iliyotumika. Mtutu aliutia motoni ili mafuta yaliyoganda yatoke. Niliona samawati ikija kwa muda mfupi, nzito na nzuri, kisha ikapita, ikawa kijivu, kisha nyekundu, na ile tarakimu 2 ikafifia mbele ya macho yangu kama maandishi kwenye vumbi. Springi ya ndani ilikuwa imevunjika. Akatengeneza nyingine kutoka kipande cha msumeno, akaipasha moto na kuizimisha katika mafuta mara tatu mpaka ilipokubali. Jua lilipoanza kuinama aliweka jiwe jipya, akavuta mtambo, akaachia. Cheche zikaruka. Akaachia tena. Watoto waliokuwa wakitoka mtoni wakapiga kelele, Baba Mkubwa akampiga fundi begani, "Meku, mzee wetu, wewe ni mtu!" na fundi, akitabasamu kwa aibu, akatoa kiberiti kilichokuwa mfukoni. Ndani yake alikuwa amekunja nyuzi zote za fedha. "Mali yako yote imo humu," alisema. "Sijapoteza hata uzi."

Tulikutana Moshi siku tisa kabla ya Krismasi. Baba alikuja na kapu lake la ndizi, amevaa koti la kanisani. Baba Mkubwa alikuja na bastola yake ndani ya taulo jipya. Walisalimiana vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona, na Baba akamwambia kaka yake kwamba Mama ameshaanza kuweka ulezi wa pombe ya mbege, Krismasi wale wote pamoja Mwika. Nilitembea katikati yao. Nilijua, na sikuweza kusema, na viganja vyangu vilikuwa vimelowa kiasi kwamba Baba aliniuliza kama nina homa.

Mzee Jivan alitandika kitambaa cheusi mezani. Baba aliweka yake. Baba Mkubwa akafungua taulo, akaweka yake pembeni, inang'aa kama kijiko cha harusi. Saa zikaendelea kukimbia ukutani. Mzee hakuchukua kioo. Aliinua ile ya pili, akapitisha kidole gumba juu ya kitako mahali ambapo msitu ulikuwa, akageuza mtutu kwenye dirisha, akaurudisha.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Fundi wetu wa Masama," Baba Mkubwa alisema. "Vuta uone."

Alivuta, akaachia. Cheche. Akafungua bamba, akaitazama springi kwa muda mrefu. "Huyu ni fundi kweli," alisema. "Springi hii mimi nisingeiweza."

"Umesikia, Naftali?" Baba Mkubwa alimgeukia Baba, uso wote umefunguka.

"Lakini mzee wangu, mimi sikutaka bastola. Bastola zipo. Nilitaka mkono wa yule aliyeichora, na mkono wake haupo tena hapa." Mzee Jivan alizungumza bila hasira, kama anayemweleza mtu kuwa saa yake haitengenezeki. "Na sasa inawaka. Jana ilikuwa kitu cha kale. Leo ni silaha. Nikienda kuiandikisha nitaulizwa ya nani na ya kazi gani."

Baba Mkubwa alitoa kiberiti haraka. "Fedha yenyewe hii hapa. Haijapungua." Mzee Jivan alizimimina zile nyuzi kwenye mizani ndogo ya sonara, nadhani kwa heshima tu, kwa sababu kila mtu aliona kuwa hazijazi kijiko cha chai. Akasema atatoa elfu ishirini kwa ya Baba peke yake. Kwa ile nyingine, elfu tatu.

Hapakuwa na ugomvi. Ningependelea ugomvi. Baba alimwomba kaka yake, pale pale mbele ya duka, achukue zile elfu ishirini na amtengee sehemu ya makaburi tu, hatua sita kwa hatua tano. Baba Mkubwa alikuwa akitazama barabara. Alisema jirani anataka kipande chote ama aache, kwa sababu maji yanapita hapo hapo penye makaburi, alisema saruji imeshapanda bei mara mbili tangu aanze kujenga, alisema, "Mdogo wangu, nisamehe, mimi nina nyumba isiyo na paa." Tulikula wali kwenye mgahawa, tukaenda kungoja basi. Krismasi Baba Mkubwa hakuja. Jumapili iliyofuata jirani alipima kipande kwa kamba, na kabla ya mwezi kwisha aliweka ua wa michongoma mpaka ukingoni mwa mfongo. Akawa mtu muungwana kwa kiasi chake. Alituruhusu kuingia, ila tupige hodi kwanza. Nilimwona baba yangu akisimama nje ya lango la mtu mwingine, kofia mkononi, akiomba kwenda kwa baba yake.

Bastola ya kwanza Baba aliiuza mwaka uliofuata, kwa Mzee Jivan yule yule, na ikanilipia miaka minne ya sekondari. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine cha kuuza, kwa hiyo mengine nimejifundisha. Nina karakana yangu Moshi mjini ambako nachonga majina kwenye marumaru za makaburi, na wateja wangu hunisifu kwa majani ninayoyaweka kwenye pembe. Najua nilikoyatoa. Nimejaribu kupachika uzi mmoja wa fedha kwenye mti wa jozi kwa njia ya zamani. Mara ya kwanza ulichomoka baada ya wiki, na mara ya kumi na saba ulikaa. Ile ya Masama bado ipo. Iliandikishwa baadaye kwa shida kubwa, na wana wa Baba Mkubwa wameitundika sebuleni, katika nyumba ambayo sasa ina paa, dari na vigae. Nikienda wananivutia mtambo wanionyeshe cheche. Wageni hupiga makofi. Fundi Samueli alifanya kazi ya kudumu.

Kwa muda mrefu niliamini Baba hakujua sehemu yangu. Alipokuwa mgonjwa, mwaka wake wa mwisho, nilimwambia. Nilimweleza nilichosema pale kwenye kichanja, kuhusu fedha, na nilivyonyamaza pale kwa fundi. Alinisikiliza macho yamefumbwa.

"Nilijua, mama," alisema. "Kaka aliniambia siku ile ile, tukingoja basi. Alisema, ni mtoto wako aliyeniambia kuna fedha."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungejibu nini?" Kisha akauliza, "Hivi zilikuwa nzuri kweli? Mimi sikuziona. Jivan alikupa kioo wewe."

Nilimweleza nilivyoweza, majani, mikunjo, ua lenye vitone vitano. Nilikuwa na maneno yote ya kitaalamu wakati huo na hayakunisaidia. Tulimzika juu, karibu na nyumba, mbali na wazazi wake kwa mwendo wa dakika nne.

Jirani naye amefariki. Mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam, hajui ndizi wala kahawa, na kile kipande anakiona kwenye simu. Miaka mitatu iliyopita nilimpigia nikamwomba aniuzie ile sehemu ya hatua sita kwa tano, na njia ya kupita. Alikuwa na adabu. Alisema atafikiri, akafikiri mwaka mzima, akataja milioni tisa. Tukazungumza tena, akashuka hadi milioni sita na nusu, bei ambayo siku zile za Baba hakuna mtu mlimani angeielewa, na akasema kuna mtu wa hoteli ya wapanda mlima ambaye naye anaulizia maji. Hakunipa tarehe. Ndiyo maana siku hizi nachonga hata Jumamosi, simu yake ikilia naacha tindo hewani, na jana jioni, baada ya kufunga karakana, nilihesabu tena nilichoweka: milioni nne, laki mbili na elfu sabini.